Nani Anakuja Kona ya Cabot

Siku Armand Levasseur alipofunga ndoa, king'ora kilipita nje ya kanisa katikati ya kiapo, na kabla hajasema amekubali akasema, "Namba tatu." Padri alidhani ni idadi ya watoto. Bibi harusi, Pauline, alijua ni gari la zimamoto namba tatu, akanyamaza, ibada ikaendelea. Alivumilia miaka kumi na tisa, kisha akahamia kwa dada yake, kwenye mji ambao, kwa maneno yake mwenyewe, kitu kikiungua watu huzima wakalala.

Kwa kazi, Armand ni fundi wa mashine za kufulia kwenye kiwanda kikubwa kinachofua mashuka ya hoteli. Kwa moyo ni mzimamoto, ila zimamoto haikumtaka. Akiwa na miaka ishirini na miwili alifanya mtihani wa kujiunga: ngazi akapanda, gunia akabeba, herufi za ukutani zikamshinda kwa jicho la kushoto. Tangu siku hiyo jicho la kulia limefanya kazi ya mawili. Hakuna moto mkubwa uliowaka hapa Tarbell bila Armand kusimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akiwaeleza majirani kwa nini bomba limefungwa pale na si hapa. Majirani hawakuwa wameuliza.

Watu wa aina yake wapo kila mji wa Massachusetts, na kama kunguru, huwa hawakosi kuonana. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu watatu wao hukaa mkahawa wa donati, kona ya Cabot na Mtaa wa Tatu. Wa kwanza Armand. Wa pili Ziggy Banas, dereva wa basi mstaafu, anayeandika kila king'ora kwenye daftari kama karani wa siku ya kiyama. Wa tatu Denise Furtado, anayelea wazee usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kupitia pale akitoka zamu. Katikati ya meza, kati ya sukari na karatasi za kufutia mikono, hukaa redio ndogo inayonasa mazungumzo ya zimamoto na magari ya wagonjwa. Redio ikiongea, binadamu hunyamaza. Ndiyo adabu ya meza ile.

Redio ikikaa kimya, hucheza "Nani anakuja?" Mmoja anataja mahali, saa na tatizo. Wengine waseme gari gani litafika kwanza, litatoka kituo gani, na nani atakuwa ndani yake. Ni mchezo wa watu wazima waliokosa la maana zaidi la kufanya, na huchezwa kwa ukali wa mahakamani. Wamewahi kununiana wiki mbili kwa sababu ya paka aliyekwama juu ya mti ambao haupo.

Jumanne moja ya Novemba, saa moja kasorobo, kitu kilianza kumkaza Armand nyuma ya mfupa wa kifua, taratibu, kama mtu anayefunga nati kwa spana. Kwanza akailaumu donati. Halafu spana ikapanda kwenye taya. Dalili hizo amezisikia redioni mara elfu, na mara elfu amesema huku akitafuna, "Huyo ni moyo huyo, kimbieni." Sasa zilikuwa ndani ya shati lake mwenyewe, na Armand, badala ya kukimbiza mtu, akatazama saa ya ukutani na kuanza hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mpaka saa mbili kamili, gari la pili la wagonjwa liko na Slattery, kijana aliyerudisha gari kinyumenyume mwezi Machi akang'oa mlango wa kituo chake mwenyewe. Armand ndiye aliyempiga picha. Ndiye pia aliyeibandika picha hiyo mkahawani, juu ya mashine ya kahawa, ambako kila mzimamoto wa Tarbell huja kujaza kikombe. Kuanzia saa mbili, gari hilohilo linashikwa na Teresa Medeiros, ambaye katika miaka kumi na minne hajawahi kuukosa mshipa kwa sindano. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika ishirini na mbili. Zimebaki thelathini na nane. Na chini ya woga, nasema kweli, kulikuwa na udadisi: alitaka kujua kama hesabu yake ni sahihi. Watu pekee wa kuihakiki walikuwa wamekaa mbele yake.

"Nina moja," alisema.

"Lete," alisema Ziggy, akilamba kidole na kufungua daftari.

"Mwanamume. Sitini na moja. Kifua kinabana, na taya. Kona ya Cabot na ya Tatu, saa hii hii. Nani anakuja?"

"Ah, hiyo ya watoto wa chekechea. Namba tatu anatangulia, dakika nne. Nyuma yake gari la pili na yule mvunja milango wako."

"Gari la pili Jumanne saa hizi lipo kwenye mafuta," alisema Denise. Alikuwa amevua viatu chini ya meza. "Wewe Ziggy unaandika kila kitu halafu husomi ulichoandika."

"Mafuta wanajaza Jumatano, mama."

"Jumatano ni gari la kwanza."

Redio ikakohoa, ikaanza kusema kitu. Ziggy akanyoosha mkono na kupunguza sauti. "Hebu huyu naye angoje, watu wanaongea," alisema. Miaka kumi na mmoja redio ile ilikuwa haijapunguzwa hata siku moja, na hakuna aliyeshtuka.

"Na akingoja mpaka saa mbili?" aliuliza Armand.

"Nani?"

"Mgonjwa. Akingoja zamu ibadilike, si anampata Medeiros?"

Ziggy aliweka kalamu chini kwa furaha. "Mgonjwa anayechagua kama yuko buchani. Hiyo mpya. Sasa sikiliza, akingoja saa mbili kamili amechelewa bure. Medeiros anaingia saa mbili kasoro dakika kumi, anakunywa chai, anakagua mikoba. Simu ikipigwa saa mbili kasoro tano, Slattery atakumbuka kufunga kamba za viatu, afunge polepole kama bi harusi, mpaka mwenzake aseme basi, naenda mimi."

"Kwa hiyo kasoro tano," alisema Armand. Ilimfariji kupunguziwa dakika tano.

"Kasoro tano. Tena nakupa na dereva: Costa."

Denise alikuwa ameacha kukoroga kahawa. "Huyo mgonjwa wako anatoka jasho?"

"Kidogo."

"La moto au la baridi?"

Swali lilikuwa zuri, la kitaalamu, na Armand hakupenda kulijibu kwa kubahatisha. Akapapasa paji la uso wake ili awe na uhakika. Hapo ndipo alipojifichua.

"Armand."

"Mm."

"Huyo mwanamume anaitwa nani?"

"Zimebaki dakika ishirini na sita," alisema Armand, kwa upole, kama mtu anayemwomba karani asimpite kwenye foleni.

Denise alikuwa tayari na simu sikioni, miguu peku sakafuni. Ziggy alimtazama huyu, akamtazama yule. "Lakini hajasema kama kuna ngazi," alisema, kisha naye akaelewa.

Namba tatu alifika kwa dakika nne. Ziggy aliandika; mazoea ni mazoea. Wazimamoto wanne wakaingia, wakamlaza Armand sakafuni kati ya friji ya soda na kabati la donati, wakampa aspirini ya kutafuna na hewa ya kuvuta. Mkubwa wao aliinua macho akaiona picha ya mlango juu ya mashine ya kahawa. Akayashusha, akaendelea kupima mapigo. Armand aliyaona macho yale kutokea chini, akatamani yasingekuwa ya mtu mstaarabu kiasi hicho.

Gari la wagonjwa halikutokea. Dakika sita, saba.

"Slattery yuko wapi?" alinong'ona Armand.

"Darajani," alisema mkubwa. "Magari matano yamegongana kwenye barafu. Magari yetu ya wagonjwa, la kwanza na la pili, yako huko tangu saa moja na ishirini na nne. Anakuja mtu kutoka mji wa jirani, Wexley."

Saa moja na ishirini na nne: hapohapo redio ilipokohoa ikapunguzwa. Ziggy aliongeza sauti ya redio taratibu, kama anafunua kitanda cha mgonjwa, na daraja likajaa mkahawani: sauti juu ya sauti, namba juu ya namba. Slattery huyo alikuwa anaita watu kwa majina, bila papara. Katika mchezo wao Wexley hakuna aliyeitaja. Wala lile gari la saa mbili kasoro tano, lenye Medeiros na Costa, lisingekuwepo.

Ilichukua dakika kumi na saba tangu Denise apige simu. Aliyeshuka ni msichana mrefu, jina Osgood kifuani, ambalo hakuna hata mmoja wa watatu hawa aliyewahi kulisikia.

"Maumivu yameanza saa ngapi, baba?"

Armand alimwona Denise amesimama kwenye kabati, viatu mkononi.

"Sasa hivi tu," alisema.

Walipomwingiza garini na milango kufungwa, alimvuta Osgood mkono. "Saa moja kasorobo."

"Umeniambia sasa hivi."

"Yule mama alikuwa anasikia."

Osgood hakumkaripia. Alitazama saa yake, akatazama karatasi ya mapigo ya moyo iliyokuwa ikitoka kwenye mashine, akachukua redio kuiambia hospitali anamleta nani. Mwanamume, miaka sitini na moja. Maumivu ya kifua tangu saa moja kasorobo. Kachelewa robo tatu ya saa kupiga simu.

"Zima," alisema Armand. "Zima hiyo, mwanangu."

Osgood alidhani anaanza kuweweseka, akamwongezea hewa. Hakujua kwamba kwenye kona ya Cabot kuna meza yenye redio, na kwamba safari hii sauti ilikuwa juu kabisa.

Waliuzibua mshipa kabla ya saa nne. Daktari, mtu wa maneno machache, alimwambia kwamba kipande cha chini cha moyo kimekufa na hakitaamka, na kwamba kupiga simu nusu saa mapema kungekiokoa. Ngazi apande moja moja, na apumzike katikati.

Ziggy alikuja mchana, akakaa dakika kumi akizungumzia daraja, akalia kidogo, akaondoka. Denise alikuja kesho yake asubuhi, kutoka kazini moja kwa moja. Hakuvua koti.

"Nilikaa mbele yako," alisema. "Dakika arobaini na kitu."

"Najua."

"Usiku mimi nageuza wazee ishirini na wanne wasipate vidonda. Nikija pale nakuja kupumzika, simwangalii mtu. Ulijua siangalii."

"Sikukuficha wewe, Denise. Nilikuwa nangojea..."

"Nimesikia ulichokuwa unangojea. Na ule uongo nimeusikia. Msichana wa watu anakupimia dawa kwa saa uliyomtajia, wewe unamtajia saa ya kunifurahisha mimi." Alivuta kiti, akakaa, akavua viatu. "Fanya tena, nami sikujui."

Armand alimsogezea kikombe chake cha maji.

Muuguzi aliingia na ubao wake. "Bwana Levasseur, maumivu leo yakoje? Moja ni kidogo, kumi hayavumiliki."

Moja ilikuwa imeshafika mdomoni. Alimtazama Denise, naye alikuwa anatazama dirishani kabisa, kama hayumo.

"Nne," alisema Armand. "Nne, na yanapanda kidogo tangu alfajiri."

Muuguzi akaacha kuandika, akaenda kumwita daktari.