Usiandike Salamu

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, na viatu vyeusi vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuoni, binti wa Kilimanjaro niliyedhani Kariakoo yote ni soko. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vyenye harufu ya dawa ya klorini, na mkubwa wetu alikuwa Bwana Afya Mkuu, Mzee Sefu, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alivitazama viatu vyangu, akasema, "Binti, hivyo ni vya kanisani. Kesho njoo na kandambili."

Vijana mnaosoma haya huenda hamjui bibi afya alikuwa anafanya nini. Tuliingia nyumba hadi nyumba kukagua choo, kisima, mtungi wa maji na jaa la taka. Balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama aliyesimamia nyumba kumi za jirani, ndiye aliyetutangulia kupiga hodi. Serikali ilisema kinga ni bora kuliko tiba, na miguu ya kauli hiyo tulikuwa sisi. Dawa zilikuwa haba na gari hatukuwa nalo, lakini mtu wa afya alifika kila mlango. Najivunia mpaka leo, na anayetaka kunicheka anicheke.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, masika yakaja vibaya. Bonde la Jangwani likajaa maji, vyoo vikafurika, watu wakapanda na magodoro yao kwa jamaa zao Kariakoo. Nyumba ya vyumba sita ikawa inalaza watu zaidi ya ishirini. Hazikupita siku nyingi, kipindupindu kikaingia. Agizo likashuka kutoka kwa Mganga Mkuu: kila nyumba itembelewe, kila mgonjwa apelekwe kambi ya karantini peke yake, na atakayefia huko azikwe na watu wa afya bila kuoshwa na nduguze.

Nilipewa nyumba kumi za mtaa mmoja. Nikazimaliza kabla ya adhuhuri, nikampelekea Mzee Sefu daftari huku nikingoja sifa. Kila mstari ulisema: hakuna mgonjwa.

"Nyumba kumi zilizojaa watu," alisema, "na hakuna hata mtoto mwenye mafua. Umetembelea Kariakoo au peponi?"

"Niliwauliza, mzee."

"Uliwauliza vipi?"

"Nilipiga hodi, nikasema, 'Hamjambo humu ndani?' Wakasema, 'Hatujambo.'"

Alivua miwani. "Mwanangu, mtu amefiwa asubuhi, ukimwuliza hujambo atakujibu sijambo. Ndiyo adabu yetu. Shida yake utaisikia baadaye, ukishakaa. Wewe umeandika salamu, na salamu hazina mgonjwa. Twende."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nyumbani kwetu mlimani nako ndivyo tulivyojibu, ila gauni jeupe lilikuwa limenisahaulisha.

Nyumba ya tatu alikaa Bi Mwanaidi, mkaanga samaki wa soko la Feri. "Hatujambo, karibuni," alisema, kama alivyoniambia asubuhi. Mzee Sefu alivua viatu, akaketi mkekani. Akamuulizia wageni waliokimbia mafuriko, akawapa pole, kisha akaomba maji ya kunawa. Maji yalikuwa uwani, nasi tukaenda uwani. Huko kamba nzima ilijaa khanga na shuka, zote mbichi, zimefuliwa kwa mara moja.

"Bi Mwanaidi," alisema taratibu, "nani anaumwa?"

Mama wa watu akaangua kilio. Binti yake, jina lake Tatu, alikuwa chumba cha nyuma, macho yamezama, na ukiibana ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama. Asubuhi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka mlango ule.

"Sikuficha kwa ubaya," alisema. "Mkimchukua akafa, mtamfukia kama kuku. Nani atamwosha mwanangu?"

Mzee Sefu alimgeukia. "Utakwenda naye. Mungu akimrudisha, mtarudi wawili. Akimchukua, utamwosha wewe mwenyewe, kwa maji ya dawa na glavu mikononi, na mimi nitasimama mlangoni."

Hakuwa na ruhusa ya kuahidi hivyo. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Balozi alileta sukari aliyowawekea wageni wake, na sukari siku zile ilikuwa ya foleni. Tukaichanganya na chumvi katika maji yaliyochemshwa. Tukamlaza Tatu kwenye mkokoteni, nami nikatembea kando yake nikimnywesha kijiko baada ya kijiko mpaka kambini, ambako waliweza kumtundikia dripu.

Kesho yake Mganga Mkuu, habari za ahadi ile zimemfikia, akaja kambini amefura, akamkabili Mzee Sefu. "Wewe ni Bwana Afya au mwosha maiti?"

"Vyote viwili, mheshimiwa, ikibidi. Ila nakuomba kwanza utazame pale getini."

Getini walisimama watu wa mtaa wangu na wagonjwa wao, wengine mgongoni, wengine kwenye mikokoteni. Habari ilikuwa imeenea kwamba mama anaruhusiwa kuingia na mwanawe. Wagonjwa wale walitoka katika nyumba nne kati ya zile kumi nilizoziandika kuwa salama. Mganga Mkuu aliwatazama kwa muda, kisha akamwambia karani aandike ruhusa kwa kambi nzima. Nilimheshimu tangu siku ile, maana si kila mkubwa anakubali kurudi nyuma.

Si wote waliopona. Wawili walifariki, wakaoshwa na watu wao, na Mzee Sefu akasimama mlangoni kama alivyoahidi. Siku ya tatu kambini, Tatu aliomba uji. Bi Mwanaidi alicheka na kulia kwa pamoja, nami nikatoka nje nikalia peke yangu.

Baadaye nilihamishiwa Temeke, kisha Magomeni, mwisho nikawa Bibi Afya Mkuu. Walipita wataalamu wa nchi za nje na karatasi zao nzuri, nikajifunza mengi kwao. Lakini kila msaidizi niliyempokea nilimkataza kutoa kalamu kabla hajaketi.

Mimi nilipostaafu, Mzee Sefu alikuwa amekwishastaafu zamani, akiishi Ilala. Siku moja nikasikia haonekani msikitini. Nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hali yako?"

"Njema tu, alhamdulillahi."

Nikavua viatu. Nikaketi mkekani, nikamuulizia watoto wake, kisha nikaomba maji ya kunawa. Alinitazama, halafu akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nilikufundisha mwenyewe," alisema, "leo unanifanyia mimi." Kisha akashusha sauti. "Ninaumwa, mwanangu. Mwezi wa pili sasa nawaficha watoto."

Sikuwa na daftari wala kalamu. Nikasogea karibu, nikamwuliza anaumwa wapi.