Madishi Aliyotufugisha Baltazar

Marieta, jirani yangu wa kule juu barabarani, aliniambia tukiteka maji. "Mama Angela, umesikia ya Baltazar? Wanasema akili imehama. Anashinda kilimani chini ya mlingoti wake, mji ameupa mgongo."

"Nani kamwona?"

"Hata mimi nimemwona." Akacheka kidogo, halafu akajitwika ndoo yake. Dishi la Baltazar lilikuwa bado juu ya bati la nyumba ya Marieta, na wote tulijua halitumii tena.

Baltazar ni mtu wa Nangwa, mtoto wa wakulima. Alikuwa fundi redio hapa Katesh. Aliuza maksai wake akasimamisha mlingoti kilimani, akawa ananunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa na kutugawia majumbani kwa madishi madogo. Madishi hakuuza. Alisema anatufugisha, kama huku tunavyofugishana ng'ombe: mnyama wangu, maziwa yako. Ada ya mwezi aliiita majani. Ukichelewa anapita uani, anaangalia juu ya bati, anasema, "Mama Angela, huyu ng'ombe mbona amekonda?"

Kwetu bondeni mtandao wa simu haushiki. Mume wangu Tadei anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano Basotu, na Angela alijifunza kusema "baba" akiangalia kioo cha simu, kwa hilo dishi.

Ndipo kampuni ile ile ikaleta intaneti yake kwa waya wa simu, hiyo wanayoiita DSL. Waya unafuata barabara kuu, bondeni haushuki. Wakawauzia watu kwa bei ya chini kuliko waliyokuwa wakimuuzia Baltazar kwa jumla. Nyumba za barabarani, ambazo ada zao ndizo zilibeba mlingoti, zikahama moja moja, kimya kimya.

Lakini hakuna aliyerudisha dishi. Ng'ombe uliyefugishwa humswagi mpaka kwa mwenyewe, maana ni kumwambia umemkataa yeye pamoja na mnyama wake. Unangoja aje. Na mwenyewe naye haji kumchukua hivi hivi, maana ni kusema umemtunza vibaya. Basi wakamngoja, naye akawangoja, huku akiendelea kununua intaneti ya nyumba zote.

Siku moja nilimuuliza kama anajua hawatumii.

"Najua, mwanangu. Kwenye mtambo wangu naona wamezima. Ila dishi wameliacha. Mtu akimwacha ng'ombe wako zizini kwake, bado anakutaka."

Nikashika njia ya kurudi bondeni. Nilimwona Marieta akianika nguo chini ya lile dishi, akiinama lisimguse, kama mtu anayempisha mkwe.

Juzi Baltazar alikuja mwenyewe. Koti lilimpwaya mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

Nikampa uji. Akaushika bila kunywa. Angela alikuwa mkekani na simu, anaipigapiga kwa kiganja, anamwita baba yake.

"Mtu wa Tumati anataka kuununua mlingoti," akasema. "Lakini anautaka pamoja na madishi yote. Wa kule kwenye kampuni wananidai, hawaningoji tena."

"Si upite ukayachukue, baba?"

"Nikipita, watasema Baltazar ana kinyongo, amezitukana nyumba zao. Hawa ndio watakaonizika." Akamtazama Angela, akageuza macho haraka. "Nao hawawezi kuleta. Kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza."

Nikajua anakoelekea. Nikachukua kikombe kingine, kitupu na safi tayari, nikakisuuza.

"Wewe ndiye hujanihama," akasema. "Najua huna waya wa kukimbilia. Mtoto atamsahau baba yake sauti, na mimi nitakuwa nimelijua hilo. Lakini ukirudisha wewe, hakuna atakayesema umenikataa, nao watapata njia. Nakuomba, mama, kesho mchana ulishushe. Ujitwike kichwani, upite nalo barabara kuu, taratibu, wakuone."