Kelele Ambayo Georgette Hataki Kuizima

Kitu cha kwanza kuonekana ni kwamba Georgette hapunguzi sauti ya redio. Ni asubuhi katika chumba cha phonie, redio ya kuitana na vituo vya mbali, karibu na soko la Baraka. Anakula ugali huku redio hiyo ikikoroma mezani. Hakuna anayeita. Ni mkwaruzo mtupu.

"Mama Georgette, hii machini inatuuwa masikio!" analalamika Mama Anastasie, anayengoja kuongea na dada yake wa Kazimia.

"Hata bwana yangu anakoroma. Nimufukuze?"

Benchi zima linacheka.

Tangu vita vianze, habari za msiba, ndoa na mitumbwi hupita hapa. Fundi aliyeipanga redio hii alikimbia zamani, lakini kazi yake imebaki.

"Haijanisumbua hata kidogo," anasema Georgette. "Kitu kikikutii, unakiacha."

Juzi fundi Placide alifika kutoka Uvira na kompyuta yake. Vituo vingi vya ziwani vimekwisha kuwekewa programu mpya: kila redio hupewa namba, kisha hunyamaza mpaka iitwe na redio nyingine yenye namba. Kazimia wanaisifu sana, maana sasa wamepumzika na kelele.

"Ni dakika kidogo tu, da Georgette," alisema Placide.

"Na ule mwenye hana numero?"

"Ule hautamusikia tena."

"Basi rudisha kompyuta na kamba zako mu sakoshi."

"We unapenda vya zamani!"

"Jembe likizoea mukono, utalitupa juu ya ingine yenye kung'aa?"

Alisema kweli, lakini hakuisema yote.

Kabla ya vita, redio ya kituo cha afya cha Bibokoboko, juu milimani, iliendeshwa na Mugwaneza, wa jamii ya wafugaji. Yeye na Georgette walijifunza kazi pamoja Uvira, wakilala godoro moja. Kila asubuhi, baada ya habari za dawa na wagonjwa, walibaki hewani wakichekana: mmoja anajua ng'ombe tu, mwingine samaki tu.

Halafu vita vikaja kati ya watu wa ziwani na wa milimani; kila upande ukazika wafu wake, wakaogopana. Bibokoboko ikanyamaza. Redio ya kule ni ya zamani, haina namba, na hakuna fundi anayethubutu kupanda.

Georgette akafunga kinywa, redio akaiacha wazi.

"Niliogopa kumuita," anasema taratibu, Mama Anastasie akiwa bado amekaa. "Bangesema nauza siri kwa batu ba milimani."

Siku hizi inasemwa kwamba amani iko njiani. Wafugaji wachache wa milimani wameonekana tena sokoni. Georgette anatumaini kumwona rafiki yake akishuka nao, ili wale pamoja samaki hapa mezani.

Ananawa mikono na kushika kipaza sauti.

"Bibokoboko, Bibokoboko, hapa Baraka. Mugwaneza, rafiki yangu, kama uko muzima, ita tu. Mi niko palepale uliponiacha."