Sungura Niliyemchora Ukutani

Kamwene, mwanangu! Sogea hapa. Kuna siku moja naikumbuka mpaka moshi wake naunusa, nikiwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, kwetu Kilolo.

Nilikuwa mdadisi jamani! Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa kuuliza nilikuwa profesa. Sisi Wahehe kila ukoo una mwiko wake, kitu usichokula, na unaurithi kwa baba. Basi nikawauliza ndugu wote, huyu hali nini, yule hali nini. Nikachukua mkaa, nikachora ukutani jikoni kwa bibi: kila mtu kijistari chake, na mwiko wake pembeni. Babu na watoto wake wote, figo. Ila shangazi Ritha, sungura. Mbona yeye peke yake? Sikuuliza. Nikamchora sungura wangu, tena mzuri, masikio marefu.

Ikaja siku ya wageni kumposa shangazi. Wamama wa upande wa mwanaume wakaingia jikoni kusalimia. Mmoja akasema, "We kabinti, haya madude ukutani nini?"

Loo, nimepata mtu wa kumsimulia! Nikaeleza mstari kwa mstari. "Na huyu ndo shangazi Ritha, bibi harusi wenu. Mwiko wake haufanani na wa babu."

Wale wamama wakatazamana, maharage yanatokota yenyewe. Hapo hata mimi nikaelewa nilichokisema: babu alimlea tu, hakumzaa. Na shangazi alikuwa mlangoni, kashika sinia.

Wageni wakaondoka bila kusema kama bado wanamtaka. Wiki tatu shangazi hajui kama anaolewa au haolewi, hata kisimani anaona aibu kwenda. Bibi hakunichapa. Alinipa udongo, akasema, "Siriba." Nikasiriba ukuta wote, nalia.

"Lakini bibi, sikudanganya."

"Nani kasema umedanganya? Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa we kata, ndo uwamwagie wapita njia?"

Wageni walirudi, shangazi akaolewa. Ila miaka mingi hakuniambia neno lake lolote. Ukuta nilisiriba, masikio ya watu utayaziba na nini?

Sasa juzi mjukuu wangu wa Iyunga kaja na simu, kapanga ukoo mzima, picha juu ya picha! Nikafurahi mpaka mboga ikaungua. "Huyu nani? Na hii pua ya nani?" Kumbe humo ndani kuna nani kazaa na nani, nani anaumwa nini, na yote anataka kuyatuma kwenye grupu la ukoo! Nikamwambia, "Subiri, baba. Hawa wako hai. Umewauliza?"

Mwanangu, wewe uliza, usichoke, sisi wazee tunaondoka na mengi. Lakini aliye hai, habari yake ni yake. Mfuate pembeni, muonyeshe ulichoandika. Akikataa, hapo pabaki wazi, hata kama ni kweli. Kweli nayo ina mwenyewe.

Hata hii niliyokusimulia, shangazi yuko hai. Nilimpigia simu kumuomba. Alicheka mpaka akakohoa. "Simulia, ila mimi usinitaje. Na mwiko wangu weka mnyama mwingine." Kwa hiyo Ritha si jina lake, na sungura hakuwa sungura. Usinidodose!

Mungu akupe masikio marefu ya kusikia, na mdomo wenye mlango.