Geji ya Upepo Katika Tundu la Mwendo

Butembo nzima ilisema sitaweza. "Diploma ya Kampala haiwezi pandisha motokari mulima ya Kabasha," alisema Papa Paluku, fundi mkongwe wa karibu na soko, na gereji yake yote ikacheka mpaka spana zikawaponyoka mikononi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani katikati ya vita, na diploma ya ufundi niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo. Nilichukua lori la kale la Mama Masika, mfanyabiashara wa viazi, nikang'oa injini iliyochoka, nikafunga injini, gia na ekseli ya lori jipya la Kijapani. Kwangu hayo yalikuwa mchezo. Kazi ilikuwa tablo, ule ubao wa geji mbele ya dereva. Geji za zamani hazikuelewana na injini mpya: maji yanatokota, mshale unasema baridi. Na breki sasa zilikuwa za upepo unaojazwa na injini, jambo ambalo tablo ile haikuwahi kulisikia.

Kwa sababu ya vita, vipuri havikuvuka mpaka wa Kasindi. Nikaazima. Misheni walinipa geji ya joto ya jenereta lao lililokufa. Geji ya upepo alikuwa nayo Papa Paluku peke yake. "Utairudisha," alisema, "ao nitakuja kuichimbua mu kaburi ya iyo motokari." Niliahidi kurudisha kila kitu vipuri vikianza kuvuka tena. Lori likianguka katika safari ya Beni, viazi vya Mama Masika na jina langu vingezikwa pamoja.

Kabla ya kuondoka, nilitumbukiza kihisi cha joto katika sufuria ya maji yanayochemka, nikaweka alama kwenye kioo cha geji, pale mshale uliposimama, kwa rangi ya kucha ya Mama Masika. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia. Nilijua, nikalihesabu hilo pia. Geji ya upepo niliipachika katika tundu la geji ya mwendo, lililobaki tupu. Nani anauliza mwendo kwenye barabara yetu ya matope?

Asubuhi tulitoka mjini kupitia Rughenda, Kambale, dereva wa Mama Masika wa miaka mingi, akiwa kwenye usukani, mimi kando yake, na wanawake wa soko wamekaa juu ya magunia.

Tulipofika Maboya, askari wa kizuizi alizunguka lori akisikiliza. "Muzee huyu iko na sauti ya kijana! Anakunywa nini?"

"Mafuta ya mazutu, chef," akajibu Kambale. "Pombe ya kasiksi tulikuachia weye."

Askari akacheka, akachukua beseni la viazi, akatupisha.

Mteremko wa Kabasha ulipoanza, Kambale alifanya wanachofanya madereva wote wa njia yetu: alivuta kitufe cha kuzima injini ili kuokoa mafuta. Kimya. Upepo tu na mlio wa magurudumu. Kila kona alikanyaga breki, na kila akikanyaga, mshale wa geji ya upepo ulishuka.

"Kambale, angalia mshale!"

"Ninaiona, Ingénieur. Inashuka muzuri. Tuko tunaenda polepole."

Nikatazama nje. Migomba ilikuwa inakimbia. Ndipo nikaelewa: kwa miaka yote tundu lile lilimwambia mwendo, na macho yake yalikuwa bado yanaliamini.

"Ile hapana vitesse! Ni breki! Breki inaisha!"

Alisukuma kitufe, akaingiza gia, akaachia klachi. Lori likaruka kama mbuzi, injini ikakohoa, kisha ikanguruma. Mshale ukaanza kupanda, polepole mno. Juu ya magunia wanawake waliita jina la Yesu kwa sauti zote walizokuwa nazo. Kona ya mwisho tuliipata tukiwa na breki.

"Kambale!" mmoja akapiga ngumi paa la kabini. "Unatubeba ao unatutupa?"

Beni tulipokelewa na Mama Kahindo, dada yake Mama Masika. Nilishika bisibisi kabla ya sahani.

"Mais, Papa, motokari iko na njaa kukupita?" akaniuliza.

"Ngoja kidogo, Mama."

Nilihamishia geji ya upepo juu ya usukani, na tundu la mwendo nikaliziba kwa bati la kopo la maziwa. Kisha nikazunguka maegesho nikiwauliza madereva wanatazama wapi wakiteremka. Wote walionyesha kwa kidole pale pale, penye geji ya mwendo, hata mwenye tablo isiyo na mshale hata mmoja! Chuoni nilijifunza mshale unasema nini. Jicho linautafuta wapi, nilijifunza Kabasha, na sidhani kama kuna fundi mwingine kati ya Beni na Luofu anayejua yote mawili.

Wakati wa kurudi tulipanda Kabasha kwa miguu yetu wenyewe, namaanisha kwa injini yetu. Mara moja tu mshale wa joto uligusa rangi ya kucha. Tukasimama, tukaipumzisha injini, tukaendelea.

Vipuri vilipoanza kupita tena Kasindi, nilifunga geji mpya na kurudisha za watu. Misheni walipokea yao kwa sala. Papa Paluku nilimwacha wa mwisho. Aliipangusa geji kwa kitambaa.

"Uliifunga wapi?"

Nilimweleza yote, kuanzia tundu la mwendo mpaka migomba iliyokuwa inakimbia. Hakucheka. Alifungua mlango wa lori alilokuwa amelimaliza jana yake. Katika tundu la mwendo ilikuwamo geji ya upepo, kama nilivyofanya mimi.

"Mwenye motokari anakuja kuichukua leo," akasema, akanipa spana yake. "Ingia."