Askari wa Baiskeli

Askari aliyesimamia baiskeli sokoni Kariakoo tulimwita Bwana Shuka, maana hilo ndilo neno alilolisema kutwa. "Shuka! Sukuma! Hapa watu wanapita kwa miguu." Kabla hajakuruhusu kuegesha, alizijaribu breki zako kwa vidole vyake vinene, akabonyeza kengele na kuisikiliza, kichwa kakiinamisha upande. Kisha aliisogeza baiskeli kidogo ukutani ilingane na zenzake. Tulimcheka. Barabara haikuwa na hata mstari wa kututenga na mikokoteni, naye anahangaika na kengele!

Asubuhi moja mchuuzi wa madafu alikuja kasi kwa baiskeli na shehena yake, breki zimekatika, akielekea pale pale alipokaa mtoto wa Bi Fakhriya, muuza vitumbua. Safari hii askari hakungoja kusema "Shuka!" Aliruka akamkumbatia mtoto, na baiskeli ikamzoa ikamtupa juu ya beseni la unga.

"Umenimwagia unga wangu wote, we askari!" Bi Fakhriya alifoka, kabla hajaona kilichotokea.

"Niwie radhi, mama," alijibu kwa upole, mtoto mzima kifuani pake. Hakuinuka. Mguu ulikuwa umevunjika.

Wakubwa wa mji walipopata habari walisema usalama wa wapanda baiskeli si jambo la mzaha. Mwezi haukuisha wakajenga banda zuri la kuegeshea baiskeli, kule Uzunguni, mlangoni mwa klabu ambayo wanachama wake wote huja kwa motokaa.