Kipindi cha Bwana Sufuria

Kila Jumamosi alasiri Walubengo alijipangusa unga wa mbao shingoni, akavaa koti lake la kahawia, akatembea mpaka dukani kwa Wepukhulu kwenda kutukanwa. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, hiyo ndiyo safari yenyewe. Wengine walikwenda kufurahia redio. Yeye alifuata salamu za wasikilizaji, nazo zilisomwa mara tu vichekesho vilipokwisha. Angeweza kuchelewa makusudi, lakini aliyechelewa alikosa benchi, akasimama kando ya barabara, na malori ya mahindi hayakumwachia hata neno moja.

Ilikuwa Kitale, mwaka wa hamsini na saba. Vichekesho viliigizwa na watu wawili watatu huko Nairobi, wenye sauti za puani. Mmoja aliitwa Bwana Sufuria, kapera wa makamo aliyeishi chumba kimoja na rafiki yake, akimpikia na kumfulia. Ucheshi wote ulikuwa hapo. Jirani anabisha hodi, ananusa chakula, anauliza, "Leo mke wa nyumba hii ni nani?" Redioni wanacheka, dukani wanacheka. Kisha jirani anasema wanaume wa namna hiyo ndio wanaozuia mvua, wafukuzwe kijijini kabla mahindi hayajakauka. Wanacheka tena, mpaka mama mmoja ashike mbavu. Ukiniuliza mimi, ni mzaha wa mtu mvivu, wiki nenda wiki rudi sufuria ile ile. Lakini ulipendwa, tena sana.

Wepukhulu naye hakuuacha upite hivi hivi.

"Bakoki! Si huyo ni wewe kabisa! Hata hiyo sufulia, ati si ndiyo ulikuwa unapikia yule Mkikuyu wako kule msituni?"

Walubengo alicheka. Ilimlazimu. Yeye na Wepukhulu walitahiriwa siku moja, wakisimama bega kwa bega, na kwa Wabukusu watu wa namna hiyo ni bakoki mpaka kaburini. Bakoki anaruhusiwa. Atakutukana mbele ya wakwe zako, ataiita pua yako jembe, nawe hununi, kwa maana kununa ni kosa kubwa kuliko tusi. Dawa yake ni kumrudishia. Zamani Walubengo alikuwa hodari wa kurudisha, watu walimwogopa. Siku hizi alikuwa amechoka. Alionyesha meno, akaangalia redio, akangoja.

Alichongoja ni jina moja tu, Mathenge.

Walikutana juu ya Kapsokwony, kwenye msitu wa mlimani, vijana wote wawili, Mathenge akiwa ametoka Nyeri na msumeno mrefu begani, ule unaovutwa na watu wawili. Gogo la mwerezi hulazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na unga wote wa mbao unamwangukia wa chini. Walubengo alikuwa wa chini. Kazi ile ina sharti lake: hakuna kusukuma. Unavuta, halafu unamwachia mwenzako avute, na ukisukuma msumeno unapinda. Kwa miaka kumi na tisa walivutana hivyo mchana, na jioni wakala sufuria moja, katika kibanda kimoja. Mathenge ndiye aliyemtoa unga machoni kwa ncha ya kitambaa chenye maji, bila maneno mengi. Walubengo alimpenda. Neno hilo nalisema mimi, kwa sababu yeye hakuwahi kulisema, hata kwa Mathenge.

Kisha wakoloni wakatangaza hali ya hatari. Wakikuyu wakakusanywa, wakapakiwa malorini, wakapelekwa, wengine kwao na wengine kizuizini, nani ajuaye. Mathenge alipewa muda wa kuchukua blanketi. Msumeno aliuacha. Tangu hapo Walubengo hakupasua gogo tena. Alishuka Kitale, akawa anachonga vigoda kwa kisu na tezo, kazi ya mtu mmoja, na kila Jumamosi akaenda kusikiliza kama mwenzake yu hai.

Jumamosi ile Bwana Sufuria alikuwa ameshona kifungo cha shati la rafiki yake, na jirani akapiga yowe kana kwamba ameona nyoka. Duka likacheka. Wepukhulu akamnyooshea Walubengo kidole. Walubengo akaonyesha meno. Vichekesho vikaisha, salamu zikaanza, na kati ya watu wa Naitiri na watu wa Kisumu, msomaji akasema:

"Mathenge wa Gichuki, wa Othaya, pamoja na mkewe Nyaruai, anamsalimu Walubengo mpasua mbao, popote alipo, Kapsokwony au Kitale. Anasema yu mzima. Anasema, usivute peke yako."

Yu mzima. Na mkewe. Maneno yote mawili yaliingia pamoja, na Walubengo hakujua alipokee lipi kwanza.

"Woi, bakoki!" Wepukhulu alijipiga paja. "Umeachwa! Huyo Mathenge, kumbe alikuwa bibi ya mtu miaka yote, leo ndio amekuwa mwanaume!"

Mabenchi yakatikisika kwa kicheko. Walubengo akasimama.

"Bakoki," alisema, bila kupaza sauti. "Mimi nitukane. Tulikatwa siku moja, unaruhusiwa, na miaka minne nimekuchekea. Sasa niambie. Mathenge mlikatwa naye wapi?"

"Bakoki, si ni mchezo tu, bana."

"Mchezo ni wetu wawili. Yeye hayuko ndani. Mlisimama naye kwa uwanja gani?"

Wazee waliokuwepo waliinamisha macho, maana swali lilikuwa na jibu moja na kila Mbukusu alilijua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wepukhulu alinyoosha mkono akazima redio, salamu za watu wengine zikakatika.

"Nimekosa," alisema.

Ningependa kusema kwamba ushindi ule ulimfaa kitu. Haukumfaa. Alirudi kwake polepole, akaketi kitandani na koti mwilini, na ugali hakuupika.

Jumamosi iliyofuata Wepukhulu alimwekea nafasi kwenye benchi la mbele, lakini Walubengo hakuja. Alikuwa juu ya Kapsokwony na kijana mmoja wa huko, Kipruto, aliyekubali kujifunza kazi. Walubengo alimpa mpini wa juu wa msumeno ule wa Mathenge, akashuka shimoni. Kipruto akasukuma.

"Usisukume," Walubengo alimwambia kutoka chini. "Vuta. Halafu niachie."

Kipruto akavuta. Unga wa mwerezi ukamwangukia Walubengo usoni, ukamjaa machoni, naye akaacha machozi yatoke, kwa kuwa shimoni hakuna anayekuuliza unalilia nini.